Salamu za Ukoo Zilizoishia Kwenye Sinki

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi nangojea yako. Mimi ni fundi cherehani, tena dada mkubwa wa mgonjwa wa kitanda cha nne, chumba cha mahututi. Mdogo wangu huyo nimemlea mwenyewe, na sasa mashine ndiyo inampumulia. Naandika kwa heshima zote kumlalamikia nesi wenu mfupi, yule anayesimama mlangoni, pale kwenye sinki.

1. Jumapili ukoo ulinituma. Kwa kuwa anaruhusiwa kuingia mtu mmoja tu, watu kumi na saba walinipa mkono mmoja mmoja, akiwemo shemeji aliyekuwa anaumwa tumbo na mjomba aliyetoka moja kwa moja bandani kwa kuku, ili nikamshike mgonjwa na kumfikishia salamu zao. Njia nzima nilibeba salamu hizo kwa uangalifu, hata jasho sikujifuta. Nesi akanifungulia maji. Zote zikaenda na povu! Nyumbani nikawaambie nini?

2. Alinivulisha pete ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuiona ikitoka kidoleni. Ilitoka. Chini yake palikuwa na uchafu, nakiri, lakini ni uchafu wa ndani ya ndoa, haumhusu.

3. Nilipomaliza nikajikuna pua. Akanirudisha. Simu ikalia, nikaizima, akanirudisha tena. Muda wa kumwona mgonjwa ni robo saa, na dakika kumi na moja ziliishia sinkini. Zilizobaki nilimtazama tu nikalia.

4. Daktari bingwa wenu mwenye mvi, mtu mzima na miwani yake, alitoka kitanda cha tatu akielekea cha nne. Nesi akamwonyesha chupa ya dawa ya mikono kwa kidole. Bingwa akarudi kama mtoto wa chekechea, akasugua hadi katikati ya vidole, na akamshukuru! Jamani, heshima imekwenda wapi?

Kwa hiyo naomba mjenge sinki la pili, la watu wenye salamu, lisilo na maji. Ikishindikana, nesi ahamishiwe stoo ya mafaili, ambako hakuna mikono ya watu. Hilo nalo likishindikana, ukoo mzima tutakuja kwa zamu, tuone kama sabuni yake itatosha.

Nasubiri majibu yako kwa adabu na hasira,

Dada Mkubwa wa Kitanda cha Nne

Nisalimie wapishi, walinzi, wafagizi na wote wa nyumbani kwako. Hata nesi msalimie, ila kwa mbali.

Tanbihi: Barua imechelewa. Kumi na mmoja kati ya wale kumi na saba wamelala, wanaharisha na kutapika, na zahanati wamesema ni mambo ya mikono. Mimi niliyelazimishwa kunawa ni mzima. Bingwa ameniambia ugonjwa ule ungemfikia mdogo wangu, sasa hivi tungekuwa tunapanga mazishi. Nimekaa chini nikaongeza mistari hii. Tafadhali sana, nesi asihamishwe. Mwambieni kesho nakuja, na nikijisahau anirudishe hata mara kumi. Sina mdogo mwingine.