Operesheni Ondoa Namba Tasa

Wananchi mnatangaziwa kuwa, baada ya vikao kumi na kimoja na vitafunwa vya kutosha, Kamati ya Tija ya soko letu, hapa jirani na Kwa Mrombo, imegundua kinachodumaza biashara: namba tasa. Mimi ndiye Katibu, kwa hiyo nasema kwa mamlaka. Tasa ni asiyezaa. Kizimba chenye namba isiyozaa kitazaaje mapato? Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ludovick, aliandika agizo kwa mkono wake: chochote sokoni chenye idadi tasa kiondolewe ifikapo Ijumaa saa kumi jioni, bila kujali cheo.

Ijumaa tulifika kamati nzima, watu saba, na kopo la rangi nyekundu ya kuweka alama ya X. Wenye vizimba namba mbili, tatu na tano walikuwa wameshafungasha, wananchi waelewa kabisa. Tukafika hamsini na moja, kwa Namnyaki, muuza maparachichi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mama, hamisha mzigo. Hamsini na moja ni tasa. Hata sura yake inaonyesha."

Namnyaki alihesabu maparachichi hamsini na moja, akayapanga mafungu matatu. Kila fungu kumi na saba. Halikubaki hata moja.

"Inagawanyika kwa tatu. Vigawo vyake hivyo, ukitaka kula, kula," alisema. "Na hilo neno, baba, niliitwa na mama mkwe miaka tisa kabla sijapata mwanangu. Liliniuma. Leo siitwi tena, mimi wala kizimba changu."

Nakiri niliona aibu, ila haikuwa kwenye ajenda.

"Kamati haibishani na matunda," alisema Mwenyekiti.

"Basi tuipange kamati. Simameni mafungu, jamani."

Wafanyabiashara walishatuzunguka, tukasimama. Wawili wawili: akabaki Mwenyekiti, maana kiitifaki yeye hupangwa mwisho. Watatu watatu: akabaki Mwenyekiti.

"Saba haigawanyiki," alisema Namnyaki. "Ni tasa, baba. Pole sana. Na saa kumi inakaribia."

"Katibu, waeleze hawa!"

Nikawaeleza. Nilisoma agizo lote kwa sauti, mpaka pale pa "bila kujali cheo". Kura ya kumwondoa anayebaki ikapigwa palepale: sita ndiyo, mmoja hapana.

Napenda kutaarifu kuwa Kamati sasa ina wajumbe sita, inagawanyika vizuri kwa mbili na kwa tatu, na imeshazaa kamati ndogo tatu. Rangi yote iliishia kwenye mlango wa ofisi ya Mheshimiwa, hivyo wenye vizimba wamefungua mizigo yao. Yeye amekata rufaa, akidai kuwa sasa yuko peke yake, na moja si namba tasa. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Rufaa tumeipokea, na inasubiri saini ya Mwenyekiti.