Mvukuto Wenye Maua

Jumapili, 17 Novemba 1996

Boila ya kupasha nyumba joto imekufa tangu Ijumaa. Mke wangu Jaya amenipa pauni themanini, akiba yake, nimlipe fundi kesho. Nikapita kwanza soko la vitu kuukuu. Kutazama tu! Nikaona mvukuto wa zamani wa kupulizia moto mekoni: mbao na ngozi, umechorwa maua na kindege chekundu, masizi tele. Mzee alitaka mia. Nikamshusha hadi sabini na tano. Mimi niliyeanza duka hapa Tooting, London, na gunia moja la vitunguu!

Nimemweleza Jaya kwamba huu ni uwekezaji. Ameuliza kama una joto.

Jumatatu, 18 Novemba

Kuldip wa duka jirani, anayejiona bingwa wa vitu vya kale, amekuja kununua maziwa. Ana maziwa kwake! Akautazama mvukuto, akakohoa, akatoa mia na hamsini palepale. Hesabu ya darasa la tatu: mchafu mia na hamsini, msafi mia tatu. Nikakataa.

Jaya, ndani ya makoti mawili, akaniambia: Baba Ajay, chukua, miguu yangu imekuwa samaki wa friza.

Hana jicho la biashara.

Jumanne, 19 Novemba

Kusugua. Maji moto, magadi, waya wa sufuria. Masizi yametoka. Kindege nacho. Maua yote ndani ya beseni!

Jaya amechungulia, akauliza kama aanze kuutumia kusukumia chapati.

Jumatano, 20 Novemba

Nimempelekea Kuldip, safi kabisa, mia tatu. Alikaa chini. Ati alitaka michoro: mtu asiyejulikana alikipa chombo cha moshi maua kwa mkono wake, na masizi yale ndiyo umri wenyewe. Sasa atatoa pauni mbili, za ngozi. Nikasema tano. Akaingia stoo kucheka. Nilimsikia!

Jioni amemletea Jaya hita. Hita ya Kuldip, sebuleni mwangu! Jaya anamwita bhaiya, kaka. Mimi haniiti chochote.

Jumapili, 24 Novemba

Fundi alikuja jana, kwa mkopo. Boila inanguruma. Nimemwapia Jaya: vitu vya kale, basi.

Leo sokoni: koleo la kuchotea majivu, kongwe, limechorwa waridi. Ishirini tu! Nimelificha nyuma ya magunia ya mchele. Somo nimelipata: hili siliogeshi ng'o. Ila waridi zimefifia sana, na nina kopo la rangi nyekundu lililobaki tulipopaka mlango.

Kesho nazipaka upya. Kuldip atalia!