Sahihi za Mababu Wawili

Uvumi ulimganda mfagiaji wa Idara ya Maisha ya Asili: eti mababu waliishi miaka mia na thelathini kwa sababu hawakupika chakula. Aliufagia asubuhi ofisini, jioni akaukuta nyumbani umetangulia kukaa kwenye kochi. Mama wa watoto watano, ataachaje kuwaza? Je, kama ni kweli amekuwa akiwafupishia wanawe maisha kwa sufuria?

Jumatatu uvumi ulipandishwa cheo ukawa sera.

"Kuanzia leo," alitangaza Mkurugenzi, "tunarudi nyuma kwa kasi ya maendeleo!"

Nyaraka zikamiminika. Waraka namba tatu uliondoa viti. Namba saba ulifunga vyoo, kwa kuwa mababu walitumia vichaka. Nyuma ya ofisi kilikuwepo kichaka kimoja cha maua, kikapangiwa zamu. Ufunguo wa choo alikabidhiwa mfagiaji, akaufunga kwenye pindo la kanga. Namba tisa uliagiza watoto wa watumishi wasalimishe miwani, maana mababu waliona mbali.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Kitinda mimba wake, binti wa darasa la saba, alikuwa na mtihani Alhamisi.

"Karani, mwanangu," alisihi, "bila miwani mtoto haoni ubao. Jana kaivua kidogo tu, kaliamkia kabati shikamoo!"

"Vizuri. Anaheshimu vitu vya kale."

"Atafeli!"

"Mama, ipo fomu ya msamaha. Inahitaji sahihi za mababu wawili."

"Walishakufa hao!"

"Basi waje saa za kazi. Na vitambulisho."

Miwani ikafungiwa kwenye droo. Mama akarudi nyumbani na fomu mkononi, akamtazama binti yake akimchana paka nywele akidhani ni mdoli.

Jumatano ilikuwa siku ya uzinduzi wa sera. Wageni walichuchumaa sakafuni na suti zao. Mbele ya Mkurugenzi liliwekwa bakuli la maharage mabichi, yaliyolowekwa tu.

"Bosi, hayo hayajaiva," mfagiaji alimnong'oneza.

"Ndiyo maana yana nguvu, mama."

Akala bakuli zima, akapigiwa makofi, akaanza hotuba. Saa ya pili, alipofika kwenye "afya bora ni uamuzi," tumbo lake lilitoa maoni tofauti, kwa sauti. Akatabasamu. Likarudia. Akashuka jukwaani magoti yamebanana, akipiga hatua fupi fupi mpaka mlango wa choo. Mfagiaji alikuwa hapo, anapangusa kitasa.

"Ufunguo!"

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, fungua!"

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri! Fungua, mama, nakufa!"

"Waraka namba saba, bosi. Kichaka kipo."

Mkurugenzi akachungulia dirishani. Wapiga picha wote walikuwa wameegemea kichaka, wanavuta sigara.

"Nipe fomu ya msamaha!"

"Hii hapa. Sahihi za mababu wawili."

"Babu zangu wamekufa!"

"Pole sana. Hata wangu."

Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai. "Mama yangu, dada yangu, shangazi... unataka nini?"

"Miwani ya mwanangu."

"Karani! Fungua droo!"

"Lakini bosi," karani alijibu kwa utiifu, "waraka namba tisa..."

"Nimeufuta! Zote nimezifuta! Mbio!"

Miwani ikaja. Mama akaipuliza, akaipangusa kwa kanga, akaikagua kwenye mwanga, kioo kimoja, halafu cha pili. Ndipo akafungua pindo.

Ijumaa, mlango wa choo ulibandikwa karatasi ya mwandiko wa darasa la saba. Binti ndiye aliyewasomea watumishi, akiwa amesimama na miwani yake kule mwisho wa ukumbi:

Akina mama, jiepusheni na:
Maharage mabichi, hata kama mkubwa anayala.
Mtu anayejua umri wa babu yako na hajui jina lake.
Kumvua mtoto miwani.
Fomu inayosubiri marehemu.
Kufunga choo ambacho ufunguo anao mwingine.