Nilivyomkimbiza Haboba kwa Maikrofoni

Leo nimejivua nguo mbele ya mtaa mzima. (Nguo zenyewe nilikuwa nazo, tulieni.) Najua kuna video inazunguka. Kabla haijawafikia, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni Rajabu, vijei hapa Mbale nchini Uganda, Industrial Division. Nasimulia sinema za kigeni kwenye kibanda cha video. Mtu anaruka ukuta kule Uchina, mimi nashika maikrofoni nawaambia watazamaji anamkimbia mama mkwe. Watu wanacheka, kesho wanarudi. Ndiyo kazi yangu, na bila kujisifu, naiweza.

Mwezi uliopita kamati ya maafa ya mtaa wetu ikaniita. Mwenyekiti wake, Madam Robina, akaniambia wamehubiri habari za mafuriko mpaka koo zimekauka. Waligawa karatasi za mafunzo, kesho yake zikaonekana sokoni zimefungiwa karanga.

"Wewe ndiyo watu nasikiliza," akasema. "Fanya iwe kama sinema. Wacheke, lakini wajue kukimbia wapi."

Nikakubali kabla hajamaliza. Na niseme ukweli, sikukubali kwa ajili ya kamati. Nilikubali kwa ajili ya Haboba.

Haboba ni bibi, kwa Kinubi chetu. Huyu wangu ndiye aliyenilea. Nyumba yake iko nyuma ya maghala, hatua chache kutoka mtoni, na mvua ikinyesha mlimani maji huja kwake kwanza. Mara ya mwisho yalifika kwenye godoro. Yeye akapanda juu ya meza, akakaa na tasbihi yake. Tulimsihi, tukalia, tukatishia kumbeba. Hakutoka! Mwaka wa sabini na tisa, vita ilipofika Jinja, aliiacha nyumba yake akakimbia na watoto wanne. Sisi Wanubi tulihesabiwa watu wa serikali iliyoanguka, na mwaka ule hatukuwa na marafiki wengi. Aliporudi alikuta watu wengine wanaishi ndani. Basi akahamia hapa Mbale, akaapa hatoki tena nyumbani kwake.

"Maji ikuje," husema. "Itanikuta."

Basi kila mbingu ikinguruma mimi silali. Nikajiambia, nikimchekesha, labda atanisikia.

Leo saa nne asubuhi tukaanza mazoezi ya kuhama. Lori lilikuwa tayari, spika mbili juu yake. Mpango ulikuwa watu watoke majumbani, wapande, wapelekwe uwanja wa shule kule juu, wanywe soda, warudi. Mimi nimevaa gambuti na sufuria kichwani badala ya kofia ya chuma. (Nguo za jeshi huku haziguswi. Mimi mchekeshaji, si mwendawazimu.) Maikrofoni ile isiyo na waya nimeibana kwenye kola.

"Banange! Jambazi Maji ameingia mjini! Anapita chini ya mlango, hapigi hodi! Lakini staa wetu ana kifurushi tayari! Ana kitambulisho, ana tochi, ana dawa! Na wewe mama wa dirisha la bluu, una nini?"

"Mimi nina simu!" akajibu, akaanza kunirekodi.

Dakika ishirini nzima. Nimezama, nimeokolewa, nimekufa mara mbili. Watu wanashika mbavu. Haboba amekaa mlangoni kwake, amejifunga gurbaba, ile shuka yake ya maua, anachambua mchele, wala hanitazami.

Madam Robina akanisogelea. "Rajabu, wamefurahi sana. Lakini hakuna hata mtu moja amesimama."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye sinema zangu kuna kamanda. Kila sinema ina kamanda, na mimi humpa Kiswahili cha askari wa zamani, kile cha kufoka. Vijana kibandani hugaagaa kwa kicheko nikifanya sauti ile. Nikaona sasa ndiyo saa yake. Nikavuta pumzi.

"Nyinyi yote! Fungua mlango! Toka nje! Haraka! Panda gari!"

Vijana wakaangua kicheko. Wazee hawakucheka.

Nilipaswa kuelewa palepale. Hapa Uganda wengi wa rika lao Kiswahili walikisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Na waliopandishwa lori miaka ile, wengine hawakurudi. Mimi najua haya, nimelelewa na mtu aliyeyaona. Lakini ukishazoea kuchekwa, unasahau. Mzee mmoja fundi redio akazima redio yake, akazunguka nyuma ya duka. Wamama wawili wakavuka barabara wakiwa wameshikana mikono. Hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Waliondoka tu, tena wakielekea kule ambako lori halikuwepo.

Na mimi nikafikiri: inafanya kazi! Nikarudia, kwa nguvu zaidi. (Ndiyo. Mara ya pili. Endeleeni kunitazama tu.)

Kugeuka, mlango wa Haboba umefungwa kwa kufuli. Ungo wa mchele uko chini. Nikakimbia, gambuti zinapiga kwata. Nikagonga, nikachungulia dirishani. Hayumo! Nikazunguka nyuma, nikaona kandambili yake moja kwenye njia ya kwenda mtoni.

Jamani. Nilimwona tayari ndani ya maji, kwa ajili ya upuuzi wangu.

"Haboba! Haboba yangu! Ni mimi, Rajabu! Si askari, ni mjinga tu! Ya Rabi, nirudishie bibi yangu! Nitaswali zote tano! Nitaoa! Nitamrudia yule binti wa Jinja niliyemkimbia, nitamwomba msamaha!"

Nikalia. Si machozi ya kiume yale ya kujikaza. Nililia na kamasi. Madam Robina akanijia mbio, anaonyesha shingo yake kwa kidole kama anayetaka nichinjwe.

"Maikrofoni, Rajabu! Maikrofoni!"

Ilikuwa wazi muda wote. Spika mbili. Mtaa mzima, maghala, kituo cha boda, wote walinisikia nikiomba mke. Na yule mama wa dirisha la bluu hakuwa ameshusha simu.

Kijana wa boda ndiye aliyeniokoa. "Bwana, huyu Haboba ndiyo wewe nalilia? Ameenda zamani. Amepita njia ya mto, amepanda boda ya ndugu yangu. Amesema, 'Busiu, na usiniulize kitu.'"

Nikamwacha Madam Robina awafuate wazee wengine na kuwaomba radhi, nami nikapanda boda. Barabara yote ya Tororo watu wananinyooshea vidole. Nikadhani ni umaarufu. Tulipofika Busiu dereva akaniambia, "Afande, toa sufuria."

Haboba nilimkuta kwa Mama Nandudu, rafiki yake wa siku nyingi, yule aliyemficha jikoni mwake na watoto wakati wa vita. Wamekaa kwenye jamvi, wanakunywa chai ya tangawizi. Nikaanguka magotini. Nikamwomba msamaha mpaka sauti ikakauka.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani ni wewe ulikuwa napiga kelele ile?"

"Ni mimi, Haboba."

"Sauti yako ilikuwa mbaya sana." Akanishika sikio, akanivuta karibu. "Usirudie tena kwa wazee."

"Sirudii, wallahi."

Kisha akafungua kifurushi chake. Karatasi ya kiwanja ndani ya nailoni. Kitambulisho. Dawa za presha. Chumvi, kiberiti, tochi, betri zimefungwa mbali na tochi zisiiharibu. Vyote vya Madam Robina vilikuwamo, na vingine ambavyo kamati haijavifikiria. Alivikusanya kwa dakika nne hivi, bila mtu kumfundisha.

"Na kifurushi yako iko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na sufuria. Nikayabadilisha mazungumzo haraka. "Haboba, kumbe unaweza kutoka! Basi maji yakija, nikikuita vizuri, kwa adabu, utatoka?"

Akafikiri. Akanywa chai. Miaka yote nimelisubiri jibu hilo, na leo nikaliona linakuja.

"Nitatoka," akasema.

Nilitaka kumbusu miguu.

"Lakini wewe utabaki."

"Nibaki wapi?"

"Kwa mlango. Ile mwaka tulitoka sisi yote, ndiyo tukarudi tukakuta watu ndani. Sasa moja atabaki kulinda nyumba."

"Haboba, maji yatanichukua!"

"Si wewe ndiyo mwalimu ya mafuriko?"

Mama Nandudu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikajaribu kubisha, lakini wazee wawili wameshapeana mikono na kuomba dua, imeshakuwa ahadi, na mimi mwenyewe nimeitikia "amina" bila kujua.

Kwa hiyo mkisikia mvua kubwa imenyesha Mbale, Haboba msimhofie, atakuwa Busiu na chai yake. Cheko lenu liwekeni kiporo. Kama kuna mtu hapa anajua kuogelea, tafadhali, aje anifundishe kesho asubuhi.