Interviu ya Amirali

Siku ile chai ya Mama Georgette, kijiweni pale Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilipoa vikombeni kwa sababu ya habari aliyoileta Buruhan, mnunuzi wa samaki kutoka Mbarara, ambaye sisi tunamwita Ngege, yaani sato. Wale wazungu wawili, mume na mke, waliokuja kutembelea shule, hawana nyumba. Wanaishi ndani ya mashua ya tanga, mwaka wa sita sasa. Mashua yenyewe wameiacha Mombasa.

Papa Anatole, jina la kijiweni Papa Dosye kwa ajili ya mafaili yake, aliuliza ni vita gani vilivyowafukuza kwao.

"Hakuna vita, ssebo. Wanapenda."

Ngege akaeleza aliyoyasikia kwa masikio yake. Chumba ni kipana kama kitanda. Maji yanabebwa kwa jerikeni na kuoga ni kwa kikombe. Taa ni ya sola, mawingu yakitanda ni giza. Majirani ni wa kila taifa, kila mmoja na mashua yake. Jioni wanatembeleana na sufuria na kupeana habari, wapi upepo ni mzuri, afisa gani wa mpakani ni mkali kwa karatasi. Na ukiwauliza lini watarudi kwao, wanatazama juu.

Mama Georgette aliweka birika chini. "Lakini ile njo Nakivale," alisema. "Inakosa tu foleni ya posho."

Tulicheka wote isipokuwa Emery. Huyu tunamwita Amirali, maana alikulia kwenye mashua ya tanga ya baba yake, Baraka hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, na tangu afike hapa hajashika kamba ila ya mbuzi. Wazungu wale walikuwa wanatafuta baharia wa kuwasaidia. Interviu yake ilikuwa mchana huohuo.

Ngege alimshauri ajiuze. "Sema wewe iko na nguvu, unajua upepo. Samaki yako usiposifu wewe, nani atasifu?"

Papa Dosye, aliyetayarisha nusu ya mtaa wetu kwa interviu za kila aina, za kuomba ukimbizi na za kuhamishiwa Ulaya, alimtazama Ngege kwa huruma ile tunayowapa wenyeji, kisha akamgeukia Emery. "Mwanangu, usimusikilize. Muntu wa afya banamurudisha ku mustari. Interviu ni matatizo. Weka ule usiku wa kukimbia vita ku mashua, mawimbi, kutapika, yote. Na ulie, hapana mingi."

Emery alirudi saa kumi amebeba blanketi jipya.

"Balilia," alisema.

"Bote?" aliuliza Papa Dosye.

"Bote."

"Basi umeshinda."

"Baliapa kama hakuna muntu atanipandisha tena mu mashua."

Mama Georgette akauliza gari la wazungu liko wapi, na gari lilikuwa linatoka, linashika njia ya Mbarara. Tulikimbia sote. Hapa hatujazoea kumsifu mtu mbele ya mgeni, kwa hiyo sifa zilitoka hovyo. Mama Georgette alipaza sauti kwamba Emery hajaugua hata mafua. Ngege, kwamba yule ni mzima kama samaki wa leo, abonyezwe popote. Mimi, kwa Kiingereza changu cha chuo, nilitangaza kwamba anasoma mawingu.

Gari lilisimama. Mke akashusha kioo, akauliza hadithi ipi ni ya kweli. Nikatafsiri.

"Zote mbili, Madame," alisema Emery, akihema. "Ile usiku nilitapika, kweli. Batu bote balitapika. Lakini usukani, njo mie nilishika mpaka asubui."

Mume na mke walitazamana. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wakamwambia aingie, waongee mambo ya upepo hadi Mbarara.

Papa Dosye alifika wa mwisho, jasho linamtiririka. Tulimpisha dirishani ili naye amsifu Amirali. Lakini alipouona ule uso wa kizungu, mkono wake ulikwenda kiunoni wenyewe.

"Madame," alisema kwa sauti ya kufifia, "na mie, mugongo."