Roboti Inayokata Kushoto Tu

Jumatatu, 3 Juni
Maonyesho ya shule ni Alhamisi na roboti yetu inakata kushoto tu. Kulia haitaki! Ukiiamuru inatetemeka, inasimama kama imenuna. Kazi yake ni kuwapelekea wagonjwa kikombe cha maji kwenye vitanda vitatu, yaani madawati matatu. Mwenzangu, tunamwita Fundi kwa kuwa nyaya zote kaziunga yeye, anasema muda umekwisha, tupunguze. Iende moja kwa moja hadi kitanda kimoja, isimame, irudi. Kidogo, lakini cha kweli. Anaitafuta nafasi ya chuo cha ufundi, na jaji anatoka huko huko. Nikamwambia aache uoga. Sikumwambia kwamba nimeshamtangazia mama vitanda vitatu. Mama ni muuguzi. Kawatangazia wodi nzima.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Roboti haisikii, lakini madawati yanasogezeka! Nimeyapanga upya. Ukianzia mlango wa karibu na ubao, safari yote ni kushoto, kushoto, kushoto. Imefika kote bila kumwaga hata tone. Fundi akauliza, je, wakitaka ianzie mlango wa pili? Nikamjibu, nani mwenye akili timamu atataka hivyo? Akarudi kwenye nyaya zake. Fundi akiacha kubishana mimi hukosa raha, ila leo nilikuwa na raha nyingi, haikupungua sana.

Jumatano, 5 Juni
Nimeandika bango: INAFIKA POPOTE. Herufi nyekundu. Fundi kalisoma, kashika kichwa. Mama kaomba ruhusa kazini na kapiga pasi gauni lake zuri. Anasema yeye ndiye atakayelala pale kama mgonjwa, wagonjwa anawajua. Nikakubali. Ningekataaje?

Alhamisi, 6 Juni
Jamani! Aibu gani hii!
Mpiga picha kalalamika kwamba upande wa ubao una giza. Mgeni rasmi akaomba roboti ianzie mlango wa pili. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa upole, si inafika popote? Akaonyesha bango langu.
Ikatoka. Ikakata kushoto. Ikakata tena. Ikawa inazunguka pale pale na kikombe chake, na mama amelala kwenye dawati na gauni lake. Kila ikipita karibu, ananyoosha mkono. Kila ikipita! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka, alikuwa anasubiri maji.
Jaji akauliza nani kapanga madawati. Nikaangalia dari. Fundi akajibu, sisi. Akaenda, akaizima. Sisi! Yeye hakugusa hata kiti.
Halafu mama akapiga makofi. Peke yake. Ningepata shimo ningejifukia.

Ijumaa, 7 Juni
Sikuweza kumtazama Fundi usoni. Nilimwendea mwalimu, nikamwambia madawati ni yangu, bango ni langu, ujinga wote ni wangu. Akasema alijua. Kumbe jaji kazipenda nyaya za Fundi, atarudi Jumanne kuiangalia roboti tena, mara moja hiyo tu. Nilimwomba Fundi radhi kwa kigugumizi. Kanisamehe kwa sharti kwamba nisiguse kitu. Kitanda kimoja, kwenda na kurudi. Nikaapa. Safari hii nimeapa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumatatu, 10 Juni
Roboti ya Fundi inakwenda, inasimama, inarudi. Safi. Sijagusa kitu, mikono nimeitia mfukoni siku nzima.
Jioni mama akauliza, kama mtu asiyetaka kuumiza, iwapo kesho maji yatamfikia. Kaomba ruhusa tena. Nikamwambia yatamfikia yeye, na vitanda vingine viwili pia. Ulimi wangu huu! Akafurahi hadi akaanza kuimba, sasa ningerudije nyuma?
Lakini si neno. Ile programu ya kushoto, kushoto, kushoto bado ninayo, na Fundi huchelewa kufika. Tena safari hii sibahatishi. Mpiga picha nimeshaongea naye: kesho atasimama upande wa ubao na taa yake, roboti ianzie mlango ule ule.