Ambulensi ya Koboko na Ugonjwa Wangu

Alhamisi, 8 Mei

Timu yetu iko karibu kufa! Enyau Rangers lazima washinde Jumamosi kule Koboko, nyumbani kwa Kaya United. Sare haitoshi. Wakikosa, wanashuka daraja, na sisi Arua tutabaki kutazama ligi kuu kwenye simu za watu. Marehemu mume wangu Andama, baba Shafik, alichora mistari ya uwanja wetu kwa majivu ya jiko langu mpaka siku alipougua. Hawashuki mimi nikiwa hai.

Ligi yenyewe ni wazimu. Naijua. Mwaka mmoja wakubwa waligombana, zikawa ligi mbili, mabingwa wawili, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Mwaka mwingine timu ziligoma. Mechi zimevunjika kwa mvua, kwa mawe, kwa refa kukimbizwa mpaka kwenye mihogo. Msimu uliopita sisi tulinyang'anywa pointi kwa sababu ambulensi yetu ilienda Vurra kuchukua mama mwenye uchungu. Sheria inasema hivi: bila ambulensi uwanjani hakuna mpira, na mwenyeji anahesabiwa kashindwa. Refa alitazama saa, akapanda gari, akaenda zake. Nililia kama msibani.

Leo nachambua maharage, nikawaza. Kumbe sheria hiyo inaweza kuuma Koboko pia! Ambulensi yao ni moja. Ikiondoka kabla ya mpira kuanza, pointi ni zetu. Kinachotakiwa ni mgonjwa tu. Mimi ni binti wa Koboko. Nani atanishuku?

Candiru, mwenyekiti wa mashabiki, kajinunulia kipaza sauti. Anadhani ushindi unaletwa na makelele. Sikumwambia kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Koboko. Nimekuja juu ya lori ya vitunguu. Mgongo umekwisha! Kaka yangu Yugu kafurahi, kachinja jogoo. Mke wake, Night, hakufurahi sana. Kauliza kwa nini nimekuja wakati wa palizi bila jembe. Nikasema nimewakumbuka. Uongo mdogo.

Jioni nikajifunza kuanguka, nyuma ya jiko. Mara ya kwanza nilikaa tu. Mara ya pili niliangukia bata. Bata kapiga kelele, Night katoka mbio na mwiko. Nikasema ni goti. Akasema goti lako, wifi, linajua kuchagua bata aliyenona. Mwanamke huyu ana mdomo!

Jumamosi, 10 Mei

Balaa tupu. Mpira ni saa kumi. Saa saba niko tayari, nimeoga, nimevaa gauni la kuugulia. Night akasema binti wa nyumba hatoki bila kula. Haya, ngoja ugali wa muhogo uive. Ngoja simsim isagwe. Kisha Yugu akasema siwezi kupita milango ya shangazi zetu bila kusalimu, watasema Arua imeniharibu. Na huku kwetu shangazi hawaishi! Kila mlango kiti, maji, habari za wajukuu, habari za mbuzi. Wa mwisho ni kiziwi. Habari zote zikarudiwa.

Nikafika uwanjani jasho linatiririka. Makelele. Wengine wanaruka, wengine wameshika kichwa. Sikuwa na wakati wa kuuliza. Ambulensi hiyo hapo, kando ya geti. Nikachagua mahali penye nyasi safi. Nikaanguka. Vizuri sana! Askari aliyenidaka kofia yake ilimtoka.

Dereva na nesi, Zuhurah, wakanipakia. King'ora! Nikacheka chini ya shuka. Andama angeniona!

Ndipo dereva akawasha redio. Mtangazaji karibu alie. Enyau Rangers walikuwa mbele, mabao mawili kwa sifuri, dakika ishirini zimebaki, na refa kavunja mchezo maana ambulensi imeondoka.

Nikakaa wima. Nikapiga kelele: geuza gari, nimepona! Zuhurah akanilaza kwa mkono mmoja. Akamwambia dereva akanyage mafuta, homa imepanda kichwani, nyanya wa watu anataka kurudi kwenye mpira. Kituo cha afya wakanichoma sindano. Kubwa! Tako la kulia.

Jumapili, 11 Mei

Siwezi kukaa. Ukoo wote umekuja na mikeka. Yugu anatangaza kwamba nikifa nitazikwa hapa, kando ya mama yetu. Shemeji yangu Drateru, ndugu wa Andama, kapiga simu kutoka kwao Ayivu, sauti inasikika mpaka nje: Rosa Kiden ni mke wa kwetu, atalala karibu na Andama, mutu asimguse. Wakagombana juu ya kichwa changu kama mimi ni mpira wa kona. Nikafungua jicho, nikaomba uji. Nadhani Yugu alikuwa ameshachagua ng'ombe wa matanga.

Alasiri akaingia Candiru. Macho yamevimba. Kasema vijana walilia ndani ya basi mpaka Arua, na kipa amekataa chakula. Kasema watu wanamtafuta bibi fulani aliyeangukia getini. Akatazama gauni langu. Lina nyasi. Akauliza, polepole: Mama Shafik, wewe unaumwa nini hasa?

Nikasema goti.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi nyumbani. Uamuzi umetoka Kampala. Wakubwa wamesema ile sheria ni ya mechi ambayo haijaanza. Iliyoanza inarudiwa yote. Jumamosi hii, Koboko, kutoka sifuri! Mabao yetu mawili yamefutwa. Na Kaya United wameamriwa walete ambulensi mbili.

Asubuhi Candiru kaja na sharti. Atafunga mdomo, lakini nimwachie nafasi yangu ya mbele, ile ya kuanzisha vigelegele. Nikampa. Imeuma kuliko sindano.

Nimewaza mchana kutwa. Kosa liko wapi? Sio kwangu. Kosa ni la shangazi, la simsim, na la ile redio. Mpango wenyewe hauna doa. Ila ambulensi mbili zinataka wagonjwa wawili.

Nikaenda kwa Candiru. Nikamweleza kwamba mwili wake ni baraka, wanaume wanne hawatoshi kumwinua. Alikataa, akanitukana. Nikamwambia Enyau wakishuka, hicho kipaza sauti atauzia nyanya. Kisha akaomba nimwonyeshe namna ya kuanguka. Kajaribu mara moja tu, sufuria zote zikadondoka. Ana kipaji, siwezi kumnyima.

Alipokuwa akijipangusa akauliza: na kama vijana watakuwa mbele tena?

Nikamwambia aache ujinga. Mgonjwa gani anauliza magoli?